UZI: Kebo ya spidomita inakatika kila mara? Kabla ya kufunga nyingine, tafuta kinachoiua

#1 PikapuYaZamani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nina pikapu ya mwaka 1986, gia za mkono, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ndani ya miezi kumi na minne imenikatia kebo tatu za spidomita. Ya kwanza nilisema ni uzee. Ya pili nikasema nimeuziwa kebo mbovu. Ya tatu ilikatika wiki mbili tu baada ya kufungwa, na hapo ndipo nilipokaa chini na vile vipande vitatu mbele yangu, nikavitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Vyote vimekatika sehemu ileile, kama shibiri moja kutoka upande wa dashibodi, na nyuzi zake zimefumuka kama ufagio. Kebo iliyokufa kwa kusagika huwa imekonda pale ilipokatikia, inang'aa kama imepigwa msasa. Hizi zangu zilikuwa zimenyongwa: huku chini zinazungushwa, huku juu kumegoma. Aliyekuwa anaziua ni saa yenyewe ya dashibodi, yaani spidomita, nami muda wote huo nilikuwa naiongezea kebo mpya.

Ngoja nieleze mfumo wenyewe, maana ukishauelewa hutabahatisha tena.

Ndani ya gia boksi, kwenye shafti inayotoka kwenda kwenye propela (ile shafti ndefu ya kuelekea magurudumu ya nyuma), kuna gia ya mfano wa parafujo. Inazungusha pinyoni, yaani gia ndogo, mara nyingi ya plastiki ngumu, iliyokaa kwenye mkono wake uliochomekwa ubavuni mwa gia boksi. Pinyoni inazungusha waya wa kebo, na waya unazunguka ndani ya ala yake mpaka nyuma ya saa. Waya huo siyo uzi mmoja. Ni tabaka kadhaa za nyuzi za chuma cha springi, kila tabaka limesokotwa kinyume cha lililo chini yake, na ncha zake zimebanwa zikawa za pembe nne.

Ndani ya saa ndipo pana utamu. Waya unazungusha sumaku, na juu ya sumaku kuna kikombe chepesi cha aluminiamu kilichoshikana na mshale. Sumaku na kikombe havigusani kabisa. Sumaku ikizunguka inaamsha umeme ndani ya aluminiamu, umeme huo unakivuta kikombe kiifuate sumaku, na springi nyembamba kama unywele inakizuia kisizunguke moja kwa moja. Kasi ikiongezeka mvuto unaongezeka, mshale unapanda. Otto Schulze, Mjerumani, aliisajili hataza ya spidomita ya namna hii mwaka 1902, na magari yaliendelea kuitumia karne nzima.

Odomita, zile namba za kilomita, haina habari na kikombe wala umeme. Inasukumwa na vigia vinavyoshikana moja kwa moja na ekseli ya sumaku. Kwa hiyo kabla hujafungua chochote, endesha kidogo na uangalie vitu viwili, mshale na namba. Vyote vikiwa vimekufa, tatizo liko kwenye kebo au kwenye pinyoni. Namba zikisonga lakini mshale umelala, kebo ni nzima, usiiguse. Kosa liko kwenye kikombe, springi au mshale. Mshale ukifanya kazi lakini namba zimesimama, kigia cha odomita kimepasuka au kinateleza kwenye ekseli yake.

Sasa kipimo kilichonitoa gizani. Chukua kebo iliyokatika, upande wenye ncha nzima ya kuingia kwenye saa. Funga utepe kwa nguvu mahali unapotaka kukata ili nyuzi zisifumuke, kata kipande cha sentimita 10 hivi. Chomeka ile ncha nyuma ya saa, kisha izungushe kwa vidole viwili, upande ule inaozunguka gari likienda mbele. Saa nzima inazunguka laini kama unasokota uzi. Ukikipa kipande mzunguko wa ghafla mshale unaruka, halafu unarudi taratibu mpaka chini. Yangu nilipojaribu ilikuwa kama kufungua kifuniko kilichokwama. Ilizunguka robo, ikagoma, nikalazimisha, ikatoa mlio mwembamba.

Bushi, yaani kile kishikio ambacho ekseli ya sumaku inazungukia ndani yake, ilikuwa imekauka. Grisi ya tangu kiwandani imegeuka kuwa nta. Niliitoa saa kwenye fremu yake, nikasafisha lile tundu kwa kijiti cha pamba chenye mafuta ya taa kidogo, nikafuta, nikasubiri pakauke, kisha nikaweka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Tone moja, kwa ncha ya sindano. Nikazungusha, nikafuta yaliyozidi. Kebo ya nne ina mwezi wa kumi na moja sasa, na mlio uliokuwa ukitoka kwenye saa asubuhi umekoma.

Kama na wewe una gari la namna hii, leta dalili zako hapa tuzitazame pamoja.

---

#2 Dereva wa Usiku

Mkuu asante sana kwa uzi. Langu mshale unacheza kati ya 20 na 50 kama mkia wa mbuzi, nikipita 70 unatulia. Namba za kilomita zinasonga kama kawaida. Kuna mlio kwa mbali ila siyo kila siku. Ni saa au kebo?

---

#3 PikapuYaZamani

Ndugu yangu, anza na kebo. Waya mkavu au uliopinda hauzunguki kwa mwendo mmoja. Unakwama, unajikusanyia nguvu kama springi, halafu unaachia kwa pamoja, na mshale unaufuata. Kasi ikipanda haupati tena nafasi ya kukwama na kuachia, ndiyo maana unatulia kule juu.

Fungua nati ya nyuma ya saa, vuta waya kwa upande huo. Kwenye magari mengi unatoka wote, kwa mengine unazuiwa na klipu upande wa chini. Ukigoma usiung'oe kwa nguvu, nenda uanzie gia boksi.

Ukishautoa ufute ukauke, ulaze kwenye meza iliyonyooka na uuviringishe chini ya viganja. Waya mzima unaviringika kimya. Uliopinda utauona unainuka na kuanguka kila mzunguko, na hapo pa kuinuka utapasikia kwa kidole. Waya ukishapinda hivyo haunyooki tena hata ufanyeje. Badilisha.

Ukiwa mzima, paka grisi nyepesi kwa vidole, nyembamba, ibaki kama jasho tu. Usipake shibiri ya juu kabisa, inayoingia kwenye saa; hapo paache pakavu. Grisi hupanda yenyewe kadiri waya unavyozunguka, itafika.

Halafu angalia njia ya kebo. Kona isiwe kali: ukikamilisha duara kwa kuifuata kona hiyo, nusu kipenyo chake kisipungue sentimita 15. Kona inayosumbua zaidi ni ile ya nyuma ya dashibodi, maana mtu akirudisha saa anaisukuma tu ndani bila kuona kebo inajikunja vipi. Na isilale karibu na ekzosi, grisi itapikwa.

---

#4 GiaBoksi

Mleta uzi umeeleza vizuri. Mimi nimeshika spana miaka mingi, naomba niongeze jambo ambalo watu hawalifikirii: oili kupanda.

Ule waya umesokotwa. Kitu kilichosokotwa kikizunguka ndani ya ala ni kama parafujo ndani ya bomba, kinanyanyua kila kimiminika kinachokutana nacho. Oili sili ndogo iliyo ndani ya mkono wa pinyoni ikichoka, oili ya gia boksi inaingia kwenye ala na waya unaipandisha taratibu mpaka kwenye saa. Nimeshafungua saa nikakuta kikombe na sumaku vimegandishwa na oili nzito, mshale unakimbilia mwisho gari likiwa na mwendo wa mtu anayetembea. Mwenye gari alikuwa ameambiwa saa imekufa. Saa haikuwa na kosa lolote. Ilisafishwa, ikabadilishwa oili sili ndogo kuliko pete ya kidoleni, kazi ikaisha.

Kwa hiyo ukichomoa kebo upande wa juu ukakuta ncha inachuruzika mafuta mekundu au yenye harufu kali ya oili ya gia, usishangilie kwamba imelainishwa. Nenda chini ukatazame sili, na upime oili ya gia boksi imepungua kiasi gani.

---

#5 Kijana wa Tatu

Wakuu mbona mnahangaika? Mimi yangu ilikuwa inalia, nikachukua mafuta ya kopo ya kupuliza yale ya kulegeza nati, nikapuliza nyuma ya saa mpaka yakamwagika. Ikanyamaza siku hiyohiyo. Dakika tano.

---

#6 PikapuYaZamani

Kaka, nakuomba sana uifungue hiyo saa kabla haijaharibika. Yale mafuta yametengenezwa kupenya na kulegeza. Yameosha grisi kidogo iliyobaki kwenye bushi, na yenyewe yatakauka ndani ya wiki chache. Yaliyoruka yatakuwa yamefika kwenye kikombe na kwenye ile springi ya unywele, ambapo hapatakiwi hata tone. Vumbi litashika hapo, na springi ikishikana mizunguko yake mshale utakuwa unadanganya bila wewe kujua. Afadhali mshale uliokufa kuliko mshale unaodanganya, kwa sababu uliokufa unajua huuamini.

Ukifungua, usiguse springi hata kwa pumzi. Na kama ni lazima utoe mshale, kwanza uinue kwa upole upite juu ya kile kijiti kinachouzuia kwenye sifuri, uuache ujiendee wenyewe, halafu weka alama mahali uliposimama. Huo ndio mwanzo wake halisi. Ukiurudisha moja kwa moja kwenye sifuri ya uso wa saa utakuwa umeulegezea springi yote, na utasoma kasi kubwa kuliko ya kweli.

---

#7 Mama Wawili

Habari zenu kaka zangu. Langu mshale na namba vyote vimekufa. Nimefuata maelezo ya #3, waya umetoka mzima, umenyooka, ncha zote mbili zina pembe zake. Nimechomeka kile kipande kwenye saa, inazunguka vizuri na mshale unaruka. Sasa nimebaki na wapi?

---

#8 GiaBoksi

Dada, umefanya kazi safi kuliko mafundi wengi. Umebaki na pinyoni.

Kabla ya kuitoa, hakikisha. Rudisha kebo upande wa gia boksi tu, upande wa dashibodi uache wazi, ncha ya waya ibandike kipande cha utepe kama bendera. Gia huru, hendibreki imeachiwa, mahali tambarare, mtu asukume gari polepole mita chache nawe uangalie bendera. Ikizunguka, basi waya hauifikii saa: ncha ya juu inapaswa ijitokeze karibu milimita 10 nje ya ala. Isipozunguka, kosa liko chini.

Kutoa pinyoni si kazi kubwa. Zima gari lipoe, weka stendi imara kama unahitaji kulala chini yake, jeki peke yake usiiamini hata dakika moja. Safisha tope lote kuzunguka mkono wa pinyoni kwanza, maana likidondokea ndani limeingia kwenye gia. Weka chombo chini, oili kidogo itatoka. Kuna boliti moja yenye kibati cha kuuzuia mkono, kwenye magari mengi ya Japani ni ya spana namba 10. Itoe, kisha zungusha mkono kushoto na kulia huku ukiuvuta. O-ringi ya zamani huwa imeshika, usiupige nyundo.

Tazama meno. Mara nyingi utakuta yamelika upande mmoja tu, pana mtaro. Hesabu meno kabla hujatafuta nyingine, kwa kawaida idadi imeandikwa pia kwenye pinyoni. Na ukiwa umeshafika hapo, badilisha o-ringi na ile sili ya ndani. Sili inatolewa kwa ndoano, mpya inasukumwa kwa sokiti inayolingana nayo, mdomo wake uelekee kwenye oili.

Ukikuta pinyoni ni nzima kabisa, chungulia tundu lile kwa tochi, gari likiwa juu ya stendi na mtu anazungusha kwa mkono magurudumu yanayosukumwa na injini. Ile gia ya parafujo lazima izunguke mbele ya macho yako. Kwenye gia boksi nyingine inashikiliwa na klipu na kigololi kidogo cha chuma. Klipu ikikatika, gia inateleza kwenye shafti na inabidi kufungua mkia wa gia boksi. Omba Mungu isiwe hiyo.

---

#9 Mstaafu

Vijana, hongereni. Nikumbushe tu kwamba siyo magari yote yanaanzia gia boksi. Volkswagen Beetle inachukua mwendo kwenye gurudumu la mbele la kushoto: waya unapita katikati ya ekseli na ncha yake ya pembe nne inaingia kwenye kifuniko cha vumbi cha gurudumu, ambapo inazuiwa na kipini au klipu ndogo. Ukikuta Beetle ambayo mshale umekufa, tazama kifuniko hicho kabla ya kufungua dashibodi. Lile tundu la pembe nne hulika likawa duara. Pikipiki nyingi nazo zinachukua kwenye gurudumu la mbele. Land Rover za zamani zinachukua kwenye boksi la kugawa nguvu, pale nyuma panapotokea propela. Gari linalovuta kwa mbele, tafuta kwenye difu (gia zinazogawa mwendo kwa magurudumu) iliyoungana na gia boksi.

---

#10 Dereva wa Usiku

Mrejesho wakuu. Waya ulikuwa umepinda mahali pawili, nimeuweka mpya, kona nimeilegeza. Mshale umetulia kabisa. Ila sasa naona simu inaniambia nipo 60 wakati mshale unasema 55. Kumbuka nilishafunga matairi makubwa kuliko ya kwanza. Ni saa imechoka?

---

#11 PikapuYaZamani

Ndugu, usiiguse saa bado. Tumia odomita ikupe jibu. Endesha kilomita 20 za simu, soma odomita. Odomita haijui sumaku, kwa hiyo ikisema 20 kamili na mshale bado unasoma chini, sumaku imechoka. Odomita nayo ikipungua kwa kiwango kilekile, yaani isome kama 18.5, basi waya unazunguka mara chache kuliko inavyotakiwa, na sababu ni matairi.

Hesabu yake ni hii. Saa nyingi za Kijapani zinataka waya uzunguke mara 637 kwa kila kilomita. Zile zilizotengenezwa kwa kipimo cha mara 1,000 kwa maili zinaangukia 621 hivi. Tuchukulie yako ni ya 637. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mzunguko mmoja kamili, pima. Tuseme tairi la zamani lilikuwa linatembea mita 2.04. Hiyo ni mizunguko 490 kwa kilomita. Zidisha kwa uwiano wa difu, yaani mara ambazo shafti inazunguka gurudumu likizunguka mara moja, tuseme 4.1, unapata 2,010 za shafti. Gia ya parafujo ikiwa na meno 6 na pinyoni 19, waya unazunguka mara 635. Safi.

Sasa tairi jipya linatembea mita 2.20. Mizunguko inashuka mpaka 455, shafti 1,864, waya 589. Gawa kwa 637, zidisha kwa 60: mshale unasoma 55. Ndiyo namba yako hiyohiyo.

Ukiweka pinyoni ya meno 18 utasoma 58 na nusu, ya 17 utasoma 62. Mimi ningechukua ya 17. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema spidomita isisome chini ya kasi halisi kamwe, na juu inaruhusiwa kuzidi kwa asilimia 10 ya kasi halisi na kilomita 4 za ziada. Mshale unaosoma chini ndio unaompeleka mtu kwenye kona akiwa na kasi asiyoijua. Angalia tu kama mkono wa pinyoni unafaa kwa meno 17, maana pinyoni hutofautiana unene, na magari mengine yana mkono tofauti kwa kila kundi la meno.

---

#12 GiaBoksi

Na ukinunua kebo isiyo ya gari lako ukaikata mwenyewe, pima mara tatu. Waya ukizidi urefu hata milimita chache, ukikaza nati unaisukuma ekseli ya sumaku juu, unasaga bushi, na mchezo wa mleta uzi unaanza upya. Nati ya nyuma ya saa kaza kwa vidole tu. Ikigoma kuingia, waya haujakaa kwenye tundu lake. Zungusha kidogo, usilazimishe.

---

#13 Mama Wawili

Kaka zangu, nimetoa pinyoni. Meno manne yamelika mpaka kwenye shina, mengine mazima. Ilikuwa ya meno 20, nimeweka ya 20, o-ringi mpya, sili mpya. Leo nimetoka nalo. Mshale umepanda mpaka 40 na kukaa hapo kimya, nikasimamisha gari pembeni nikaangalia namba: zimesonga kilomita 3.

Nimeulizwa na fundi mmoja kwa nini pinyoni ililika meno manne tu. Mnaonaje?

---

#14 PikapuYaZamani

Dada yangu, hilo swali ndilo lenyewe. Meno manne mfululizo maana yake kuna siku waya uligoma ghafla, pinyoni ikasimama, na ile gia ya chuma ikaendelea kusaga pale ilipokuta. Plastiki ilikubali kufa kabla ya kebo. Kitu kiligoma siku hiyo, na kile kipande ulichokizungusha kwenye saa kilizunguka vizuri ukiwa umekaa, hakuna joto wala baridi. Kipime tena asubuhi na mapema kabla gari halijapata jua. Yangu ilikuwa inagoma asubuhi tu.

---

#15 Mama Wawili

Nimepima leo saa kumi na mbili asubuhi. Ilikataa mzunguko wa kwanza na wa pili, wa tatu ikaachia. Nimeshaitoa dashibodi, mafuta ya cherehani yapo mezani.